Mtoto ale nini, ale kiasi gani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni yale maswali ambayo wazazi tunaulizana kila siku, kwenye foleni ya kliniki, kwenye magrupu, kwenye simu na dada zetu usiku mtoto akiwa kagoma kula. Nimeyapanga kuanzia ya msingi mpaka yale magumu. Kama jibu limeshatolewa sehemu nyingine nimekuandikia namba ya swali ili nisirudie. Mi sio daktari, ni mzazi wa watatu, na mengi ya haya nimeyajua baada ya kuyakosea.

## Ya msingi

1. Mtoto anatakiwa ale kiasi gani kwa mlo mmoja?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kipimo rahisi cha kuanzia kwa watoto wadogo ni kijiko kimoja kikubwa cha kila aina ya chakula kwa kila mwaka wa umri wake. Yaani mtoto wa miaka 3 unampakulia vijiko 3 vya wali, 3 vya maharage, 3 vya mboga, basi. Ukikiangalia kwenye sahani utasema huyu namtesa na njaa.

Mi siku niliyosikia hiki kipimo sikuamini, nikachukua sahani ya mwanangu ambayo nilikuwa nimeshampakulia kama kawaida yangu, nikaanza kurudisha wali kwenye sufuria kijiko kimoja kimoja nikihesabu. Vilifika 11. Wali peke yake, na mtoto ana miaka miwili na nusu. Na kila siku nilikuwa namlalamikia mbona huli mbona huli, kumbe alikuwa anakula vizuri tu, mimi ndo nilikuwa nampakulia kama fundi katoka kazini.

Sasa hapo sijasema ndo mwisho, hicho ni cha kuanzia tu. Akimaliza akataka tena unamwongeza. Kwa mtoto mkubwa kidogo tumia mkono wake (wake, sio wako): chakula cha wanga kama ngumi yake, nyama au samaki kama kiganja chake bila vidole, mboga kiasi cha kujaza viganja vyake viwili akivikinga pamoja. Uzuri wa mkono ni kwamba unakua naye, huhitaji mizani wala apu.

2. Sahani yenyewe ipangwe vipi?

Nusu ya sahani mboga na matunda, robo wanga, robo proteni. Mchoro wa sahani wa namna hii ulitolewa Marekani mwaka 2011, mmoja na wizara yao ya kilimo na mwingine na chuo cha Harvard, na nchi nyingi zina michoro inayofanana. Usichukue rula, angalia wiki nzima sio mlo mmoja, kuna siku atakula mayai tu na kuna siku atakula ndizi tu.

Ila chini ya miaka 2 mafuta usiyabane, ubongo unakua kwa kasi na tumbo ni dogo, kwahiyo chakula chake kinatakiwa kiwe na nguvu nyingi ndani ya kiasi kidogo. Maziwa yaliyotolewa mafuta sio ya umri huo.

3. Ale mara ngapi kwa siku?

Milo mitatu na vitafunwa mara mbili, wadogo sana hata tatu, na katikati yapite masaa mawili mpaka matatu ambayo ni maji tu. Hapo kwenye maji tu ndo wengi tunaanguka. Mtoto analia saa nne unampa biskuti anyamaze, saa tano kikombe cha juisi, saa sita kipande cha mkate ulichokuwa unakula wewe, halafu saa saba unamwekea chakula anakisukuma na wewe unamwambia jirani huyu mtoto hapendi kula. Anapenda sana, kashakula toka asubuhi.

Na kitafunwa kiwe chakula kabisa, tunda, yai, mtindi, karanga zilizosagwa zikapakwa kwenye mkate.

4. Nani anaamua, mimi au mtoto?

Wote, kila mtu na eneo lake. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, ndo aligawanya hivi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani, na kama atakula kabisa. Majibu mengi huko chini yanarudi hapa hapa, kwahiyo kama una dakika mbili tu soma hili uondoke.

Vurugu mezani zinaanza mmoja akiingia eneo la mwenzake. Mtoto akianza kuamua menyu ("sitaki hiki nataka chipsi" na wewe unaamka kukaanga chipsi), au mzazi akianza kuamua tumbo la mtoto limeshiba au bado, eti tonge tatu za mwisho. Tumbo sio lako, utajuaje?

5. Nianze lini kumpa chakula?

Akitimiza miezi 6, huku ziwa likiendelea mpaka miaka miwili au zaidi, ndo msimamo wa Shirika la Afya Duniani. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha, hata maji hahitaji. Na asali usimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata ya kulamba kwenye kidole, inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ambayo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuizuia.

## Mezani

6. Nimlazimishe kumaliza sahani?

Hapana. Najua tulilelewa hivyo, sahani ikibaki na punje unaitwa urudi, na wazazi wetu walikuwa na sababu zao, chakula kilikuwa cha kuhangaikia. Lakini mtoto anazaliwa anajua akishiba. Ukimwambia kila siku "maliza" unamfundisha aangalie sahani badala ya kulisikiliza tumbo lake.

Mwaka 2000 watafiti Marekani waliwapa watoto sahani zenye viwango tofauti vya chakula. Watoto wa miaka mitatu hivi walikula kiasi kile kile hata sahani ikijazwa, waliposhiba waliacha. Wa miaka mitano walikula zaidi kadri walivyopakuliwa zaidi. Ukifikiria vizuri inatisha kidogo, maana yake kile kipimo cha ndani kinaanza kuzidiwa na ukubwa wa sahani mapema hivyo.

Kama kinachokuuma ni chakula kutupwa, na mimi kinaniuma, basi pakua kidogo. Ni rahisi kuongeza kijiko kuliko kumwaga, na kilichobaki kwenye sufuria ni kiporo safi, kilichochezewa kwenye sahani nani atakila? (Mama ndo atakila, akiwa amesimama jikoni, halafu anashangaa mbona ananenepa.)

7. Nikimwambia "maliza mboga ndo upate keki" anamaliza. Tatizo liko wapi?

Leo anamaliza kweli. Ila umemwambia vitu viwili bila kujua: kwamba mboga ni adhabu, na kwamba keki ndo chakula chenye thamani. Ukiendelea hivyo miezi kadhaa, keki inapanda cheo na mboga inazidi kushuka.

Kama siku hiyo kuna kitu kitamu, weka kipande kimoja kidogo pale pale na chakula, akikila kwanza akile kwanza. Wiki ya kwanza atakikimbilia, ndio, halafu utaona anaanza kukiacha nusu. Kwangu ilichukua kama wiki tatu, na mama mkwe alikuwa ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

8. Bila katuni hali kabisa, nifanyeje?

Anayekula na katuni hali, anamezeshwa. Mdomo unafunguka wenyewe macho yako kwenye skrini, na zile dalili za shibe zinapita hazisikiki. Usikate ghafla milo yote ukapata stresi bure. Anza na mlo mmoja, ule ambao huwa ana njaa kweli, kaa naye mle wote chakula kile kile na simu yako pia iwe mbali. Siku tatu nne za mwanzo atakula kidogo, vumilia. Na kitafunwa kabla ya hapo kiwe kimepita masaa mawili (swali la 3), la sivyo utapigana na mtoto ambaye hana njaa.

9. Mlo uchukue muda gani?

Dakika 20 mpaka 30. Taarifa ya shibe kutoka tumboni mpaka kichwani inachukua kama dakika 20, kwahiyo anayebugia kwa dakika tano anaweza kuwa kashiba na hajui. Na ikizidi nusu saa ujue kashamaliza, toa sahani bila hasira, mlo unaofuata haupo mbali.

10. Nimpikie chakula chake peke yake?

Ukianza hiyo kazi hutaimaliza, watoto watatu sufuria nne. Pika kimoja, ila hakikisha mezani kuna angalau kitu kimoja ambacho unajua anakila, hata kama ni wali mtupu au mkate. Hiyo sio kumdekeza, ni kumpa pa kushika. Mtoto akikaa mezani akaona vyote ni vigeni anaogopa, na mtoto akiogopa hali.

## Anayechagua chagua

11. Alikuwa anakula kila kitu, kafika mwaka na nusu kagoma. Nini kimetokea?

Vitu viwili vimegongana. Cha kwanza, kasi ya kukua imepungua. Mwaka wa kwanza mtoto huongezeka uzito karibu mara tatu, aliyezaliwa na kilo 3 anafika 9 hivi. Mwaka wa pili anaongeza kama kilo mbili na kitu tu. Sasa kama mwili umepunguza kujenga, vifaa vya ujenzi vya nini vyote hivyo? Hamu ya kula lazima ishuke.

Cha pili ni kuogopa vyakula vigeni, ambako kunashika kasi kati ya miaka 2 na 6. Huu ndo umri ambao mtoto anatembea na kuokota mwenyewe, kwahiyo kuwa na wasiwasi na kitu asichokijua ni akili, sio ukorofi. Kama anacheza, analala na anapanda kwenye kadi yake ya kliniki, tulia.

12. Chakula alichokikataa nimrudishie mara ngapi?

Nyingi. Watafiti wanataja mara 8 mpaka 15 kabla mtoto hajakizoea, na sisi wengi tunakata tamaa ya tatu tunamtangaza, "huyu hali karoti", mbele yake, na yeye anaichukua kama kabila lake.

Na kurudisha sio kulisha. Ni kuweka kipande kidogo kama ukucha kwenye sahani, humwambii kula, humwambii onja. Kwetu ilikuwa njegere. Mwanangu wa kati wiki ya kwanza alikuwa anazitoa moja moja anazipanga mezani nje ya sahani, kwenye mstari. Baadae akaanza kuziacha ndani. Halafu siku moja akaiminya moja ikaruka ganda, akacheka, akailamba akatema. Sikusema kitu, na niamini kunyamaza pale ni kazi ngumu kuliko kupika. Mwezi wa pili ndo akameza mbili. Sa hivi anazila, hazipendi sana lakini anazila.

Kutema sio kosa, ni hatua. Kunusa na kushika pia zinahesabika.

13. Nikimfichia mboga kwenye mchuzi ni vibaya?

Sio vibaya, virutubisho vinaingia. Ila mtoto hajajifunza kula mboga, kajifunza kula mchuzi. Saga zako kwenye mchuzi ila na zingine ziwepo zinaonekana. Na usimdanganye akikuuliza, akija kugundua atauchunguza kila mchuzi mpaka amalize shule.

## Vinywaji, sukari na chumvi

14. Juisi ya matunda halisi si ni sawa na tunda?

Hapana, hata ukiikamua mwenyewe. Nyuzi nyuzi za tunda zimetoka au zimesagwa, sukari imebaki, na machungwa manne ambayo asingeweza kuyala kwa kukaa anayanywa kwa dakika moja. Madaktari wa watoto Marekani mwaka 2017 waliweka hivi: chini ya mwaka mmoja asipewe, mwaka 1 mpaka 3 isizidi mililita 120 kwa siku, miaka 4 mpaka 6 isizidi 180, kuanzia 7 isizidi 240. Mpe kwenye kikombe, na chakula, sio kwenye chupa ya kutembea nayo kutwa nzima, meno yataoza. Kiu ni kazi ya maji.

15. Hali ila anakunywa maziwa sana, si anashiba?

Anashiba ndio, na hapo ndo penye ishu. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, na mtoto wa mwaka na kuendelea akinywa zaidi ya mililita 700 hivi kwa siku anakosa nafasi ya chakula na anaweza kuishiwa damu, unamwona mnene mzuri kumbe damu iko chini. Nusu lita kwa siku inatosha. Yape maziwa muda wake baada ya chakula, sio kabla. Chini ya mwaka mmoja ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu.

Na kwenye madini ya chuma hapo hapo: maharage au mboga za majani zikiliwa na kitu chenye vitamini C kama chungwa au nyanya, mwili unayanyonya vizuri zaidi. Chai inafanya kinyume, kwahiyo ile chai na chakula kwa mtoto iache.

16. Sukari kiasi gani kwa siku?

Chini ya miaka 2, ya kuongeza usiweke kabisa. Kuanzia miaka 2 isizidi gramu 25, kama vijiko 6 vya chai, ukihesabu vyote, ya kwenye chai, uji, biskuti, mtindi wa ladha. Kopo moja la kola la mililita 330 lina kama gramu 35, yaani kopo moja limemaliza ya leo na limekopa ya kesho.

17. Na chumvi?

Mtolee chakula chake kabla hujaweka chumvi ya kwenu. Uingereza wanashauri isizidi gramu 2 kwa siku kwa miaka 1 mpaka 3, gramu 3 kwa miaka 4 mpaka 6. Vile vidonge vya mraba vya kutia ladha ya supu na vitu vya kwenye paketi vina chumvi nyingi kuliko unavyoonja.

## Kesi ngumu

18. Mimi nafuata haya yote, nikitoka bibi yake anamjaza. Nifanyeje?

Usiende na hotuba. Bibi akimshindilia mjukuu anaonyesha upendo kwa njia anayoijua. Omba kitu kimoja tu, sio kumi, mfano "mama naomba asile chochote saa moja kabla ya chakula", na umpe kazi nyingine ya kumpendezesha mtoto, kumenya naye matunda, kumkalisha kwenye kigoda wakachambue mboga. Mtoto aliyechambua mboga kwa mkono wake anaweza hata kuionja.

19. Kila siku anaomba aongezewe, nimnyime?

Usimnyime, ila mchunguze kidogo. Kala haraka? Msubirishe kwa maneno, sio kwa marufuku, "tukae kidogo tuongee halafu kama bado una njaa nakuongeza". Wa kwenye ukuaji wa ghafla, hasa wakiingia kubalehe, wanakula mpaka unashangaa na ni haki yao. Ukimbania atajifunza kula kwa kuiba, na anayekula kwa kuiba anakula mbio na zaidi.

20. Mtoto wangu ni mnene, nimpunguzie chakula?

Usimwekee dayati wewe mwenyewe, na usimwite majina ya unene hata kwa utani, yanabaki. Kwa wengi lengo sio kupunguza kilo, ni uzito utulie wakati urefu unapanda. Badilisha nyumba nzima: soda iondoke kwa wote, sahani ziwe ndogo kwa wote, kucheza nje, kulala mapema. Akiwa peke yake na sahani ya majani huku wenzake wanakula keki, hiyo ni adhabu. Uzito wa mtoto unasomwa kwa umri na urefu wake, kwahiyo muache daktari au mtaalamu wa lishe asome, sio shangazi.

21. Vyakula gani vinaweza kumpalia?

Zabibu nzima, vinyanya vidogo vya duara, karanga na korosho nzima, bisi, pipi ngumu, soseji iliyokatwa miduara, karoti mbichi. Vya duara kata kwa urefu, vipande vinne. Karanga na korosho nzima subiri mpaka miaka 5, mpe zilizosagwa. Na ale amekaa, sio anakimbia na tonge mdomoni, sio amelala, sio anachekeshwa.

22. Nitajuaje hii sio kuchagua kwa kawaida, ni ya hospitali?

Mpeleke kama uzito umesimama au unashuka kwenye kadi, anapaliwa au kutapika mara kwa mara akila, analia kwa maumivu akimeza, orodha ya vyakula anavyokula inazidi kufupika badala ya kurefuka, amebaki na vitano sita tu, au kaacha kula kitu chochote baada ya kupaliwa siku moja. Kuna watoto ambao kukataa chakula ni tatizo la kiafya linalojulikana na lina matibabu, sio malezi mabaya.

Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 kuna ule utepe wa rangi wa kupima mkono wa juu. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, mpeleke siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 pia usikae nyumbani. Na miguu ikivimba yote miwili usisubiri utepe.

23. Anaumwa na hali, nimwache?

Akiwa na homa au anaharisha hamu inapotea, kwahiyo kiasi cha swali la 1 kisahau kwa muda. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, vitu laini anavyovipenda, vimiminika kwa wingi, na anayenyonya anyonye zaidi. Usimfungishe chakula eti tumbo lipumzike. Akipona toka kuharisha mwongezee mlo mmoja zaidi kila siku kwa wiki mbili, afidie kilichopotea. Hapo utamwona anakula kuliko kawaida yake, mpakulie tu, na ikifika wiki ya tatu akaanza tena kuacha nusu sahani, ujue kashafidia.